Mke Mwenza wa Mama Steve

Kopo la polishi lilikuwa juu ya rafu ya gereji, nyuma ya chupa za dawa ya kupe, na kifuniko chake kilikuwa kimeng'ang'ana kwa kutu. Nilikibandua kwa ncha ya bisibisi. Tulikuwa tumemzika baba juzi tu. Mahema yalikuwa yameshafunguliwa, sufuria za kukodi zimerudi kwa wenyewe, na mimi na ndugu yangu Dennis tulikuwa tumeanza kutoa vitu vyake nje. Polishi yenyewe ilikuwa imekauka na kupasuka, lakini harufu haikuwa imeenda popote. Nikakaa chini sakafuni nikalia kwa hasira. Shangazi aliyepita akachungulia, akadhani namlilia baba, akaniacha nilie.

Mazishini mchungaji alisema baba alikuwa mtu ambaye ukimwachia kitu chako, utakikuta. Watu wakaitikia amina. Mama, aliyekuwa ameketi kando yangu, alikuwa anafungua na kufunga kibeti chake, na midomo yake haikufunguka. Mimi pia sikuitikia. Niliangalia lile sanduku zuri nikamwambia baba kimoyomoyo, umesikia hayo? Maana ndani ya gereji yetu, chini ya turubai, kitu cha watu kilikuwa bado kimekaa.

Tulikuwa tunaishi mtaa wa Section 58, katika zile nyumba za zamani zenye gereji iliyoshikana na jikoni. Ng'ambo ya barabara waliishi kina Steve. Baba yake alifanya kazi Olkaria, kwenye mitambo ya mvuke, na alirudi nyumbani wikendi nguo zikinuka yai bovu. Hakujali. Alikuwa anaoga, anavaa ovaroli nyingine iliyochafuka zaidi, kisha anaingia chini ya gari lake, na hapo hungemwona tena hadi aitwe kula.

Gari lenyewe alilipata kwenye ghala la shamba moja huko Njoro, likiwa limefanywa nyumba ya kuku. Lilikuwa gari la michezo la milango miwili, ambalo mzungu fulani alilileta akiwa kijana na kuliacha akiwa mzee. Baba Steve alilibeba kwa lori huku watu wakimcheka, akatoa mayai kwenye viti, akaanza kulijenga upya. Sijui ilimchukua muda gani. Mimi nilizaliwa nikakuta anajenga. Nilipopata akili ya kuangalia vitu, lilikuwa tayari jekundu, limelala chini karibu na ardhi, na taa zake zilikuwa zimefichwa ndani ya boneti. Ukibonyeza kitufe, taa ziliinuka polepole mojamoja, moja ikichelewa kidogo. Niliamini kwamba linaamka.

Mama Steve aliliita mke mwenza. Akitoka sokoni na mizigo alikuwa anasimama mlangoni mwa gereji na kuuliza, "Na huyu mke mwenza amekula leo?" Baba Steve alijibu kutoka chini ya gari kwamba amekula, ameshiba, na hapigi kelele kama wengine. Sisi watoto tulicheka hata kabla hatujaelewa.

Kisha ukaja ule mwaka ambao watu walipiga kura na baadaye wakapigana. Nilikuwa nimekaribia kuingia darasa la kwanza. Shule hazikufunguliwa. Moshi ulionekana upande wa chini wa mji, na neno likapita mtaani kwamba watu wa kabila la Baba Steve wawe wametoka. Hakuna aliyekuja kugonga mlango akasema hivyo. Lilipita tu, kama habari za maji kukatwa. Siku iliyofuata, mchana kweupe, lori la polisi lilikuwa linazunguka kuwachukua.

Gari wangeenda nalo wapi? Barabara zote zilikuwa na mawe, na kujipeleka mbele ya vijana wenye panga ukiwa ndani ya gari jekundu kama lile ni kujitafutia. Kwa hivyo walilisukuma. Baba alitoa pikapu yetu nje, na wao wawili, baba na Baba Steve, wakalivusha barabara bila kuwasha injini ili lisisikike. Steve, ambaye alinizidi mwaka mmoja, alikaa ndani akishika usukani, uso umekakamaa kama dereva mzima. Mama na Mama Steve walisimama kwenye geti wameshikana mikono. Walipomaliza kulifunika, Baba Steve alimpa baba ufunguo.

"Baba Carol, iwashe kila Jumamosi," alisema. "Hata dakika kumi tu. Ikikaa bila kuguswa itakufa."

"Hiyo usijali," baba alisema. "Hii ni kama yangu."

"Gari ya watu iko salama," mama akamwambia Mama Steve, na Mama Steve akaanza kulia.

Basi hivyo ndivyo furaha kubwa kuliko zote za utoto wangu ilivyoingia nyumbani kwetu, ikisukumwa.

Baba alikuwa na duka la mbegu na dawa za mifugo mjini. Alikuwa mtu wa kunyamaza. Akirudi jioni alikula, akasikiliza habari, akalala, na sisi tulijifunza kutembea kwa vidole. Lakini Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, alivaa shati safi, shati safi la kuoshea gari, akatuita mimi na Dennis kwa majina ya kubembeleza. Aliinua mlango mkubwa wa gereji hadi kiunoni, mwanga ukaingia chini, kisha tukashika pembe za turubai na kulivua polepole kuanzia nyuma. Hilo ndilo nililolipenda kuliko yote, lile turubai likiteleza na wekundu ukitokea kidogo kidogo. Kila Jumamosi nilishika pumzi. Kila Jumamosi Dennis, ambaye hata kuongea vizuri hakuwa anajua, alipiga makofi.

Tulilisugua kwa sabuni, tukalikausha kwa fulana kuukuu, tukalipaka polishi. Baba alinifundisha kuzungusha kitambaa taratibu hadi nione uso wangu. Kisha aliingia ndani, akawasha, na sakafu yote ikatetemeka chini ya miguu yangu. Alibonyeza taa, moja ikainuka, ya pili ikachelewa, na baba alicheka. Nasema alicheka, baba yangu mimi, kichwa nyuma, meno nje. Alinipakata nikashika usukani akaniuliza, "Twende wapi leo, dereva?" Nilisema Njoro. Nilisema Nairobi. Nilisema kwa Steve. Tulienda kote huko bila kutoka gereji.

Jumamosi za kwanza alimpigia simu Baba Steve na kuishika simu karibu na injini ili asikie. Sauti yake ilitoka huko kwao, mbali, ikikwaruza. "Hapo! Sikia hapo! Iko sawa kabisa!" Wakati mwingine alikuwa anamwita Steve asikilize pia, na mimi nilipiga kelele, "Steve! Mke mwenza ameamka!" Baadaye simu zikapungua. Baba alisema hana kredit. Kisha akabadilisha laini. Alinunua vitambaa vipya vya viti, vyeusi, na vile vya zamani, ambavyo Mama Steve alikuwa amevishona kwa mkono, vikaenda kupanguzia mafuta. Kwanza lilikuwa gari la Baba Steve. Kisha likawa "ile gari." Kisha siku moja, akimsimulia mtu wa duka, nilimsikia akisema "gari yangu ya nyumbani." Mama peke yake hakubadilika. Akituita chakula alisema, "Tokeni kwa gari ya watu mje mle." Alisema bila kupaza sauti, akarudi jikoni.

Mimi sikuona ubaya wowote. Niliona baba analipenda, na mtu anayependa kitu hawezi kukidhuru. Ndivyo nilivyofikiri.

Kuna jambo lazima nieleze hapa, la sikukuu za kuzaliwa. Kwetu zina utaratibu wake. Nyumba nzima inajifanya imesahau. Mwenye siku yake anazunguka akinuna, akiuliza kwa mbali, na watu wanamwangalia kama hawaelewi. Kisha anapokata tamaa kabisa, anamwagiwa maji ndoo nzima, watu wanapiga vigelegele, na keki inatoka ilikofichwa. Muda si mrefu kabla ya hayo ninayoyasimulia, Dennis alikuwa ametimiza miaka minne. Aliuliza keki yake. Baba alimwangalia kwa huzuni, akashusha pumzi, akasema, "Dennis, hata sijui nikwambie aje. Keki ililiwa na panya." Dennis alilia kweli. Na keki ilikuwa nyuma ya mlango, na ndoo ya maji ilikuwa mikononi mwangu.

Baba Steve alikuja Jumamosi. Nimelifikiria hilo sana nikiwa mtu mzima. Alichagua Jumamosi, tena saa zile zile, kwa sababu alitaka kukuta limewashwa. Ndiyo kwanza tulikuwa tumemaliza kulisuuza, hata hatujalikausha. Geti liligongwa. Baba alichungulia chini ya mlango wa gereji, akaona viatu chini ya geti, kisha akaushusha mlango hadi chini na kutusukuma mimi na Dennis jikoni. Alijipangusa mikono kwenye shati lake safi akatoka kwa mlango wa mbele.

"Baba Steve! Habari ya siku mingi!"

"Ni Mungu tu, ndugu yangu. Ni Mungu tu."

Walikumbatiana, baba akimpigapiga mgongoni. Baba Steve alikuwa amekonda, kola ya shati imemwacha shingo. Hakuwa tena na ile harufu ya Olkaria. Kumbe kazi ilikuwa imeishia hapo hapo alipokimbia. Alikaa kwenye kiti kile alichokuwa akikalia kila Krismasi. Mama alileta chai na mkate, akamsalimia kwa mikono miwili, na niliona kikombe kikimwagikia kwenye kisahani. Baba Steve aliuliza habari za kila mtu. Kisha akatabasamu na kusema, "Na mke mwenza wa Mama Steve, anaendeleaje?"

Nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia la jikoni. Baba alishusha pumzi.

"Baba Steve, hata sijui nikwambie aje. Ile gari walichoma."

Niliijua ile sauti. Ilikuwa sauti ya keki na panya, neno kwa neno. Moyo wangu ukaruka kwa furaha.

"Walikuja kikundi," baba aliendelea. "Mtu aliwaambia ni ya nani. Nilijaribu kuongea nao, wapi! Waliburuta hadi kwa kiwanja hapo nyuma wakawasha. Ilibaki vyuma tu, na hizo watu wa skrepu wakabeba."

Kisha Baba Steve akauliza polepole, "Iliungua yote?"

"Yote."

"Baba Carol," mama akasema. Alisema jina tu. Baba akamjibu bila kugeuka, "Muongezee chai, Mama Carol." Na mama akaongeza chai. Hilo nalo sijawahi kulisamehe vizuri.

Mimi sikungoja kusikia zaidi. Nilitoka kwa mlango wa nyuma, nikajaza ndoo ya bluu kwenye bomba, nikaikokota hadi upande wa gereji, pale ambapo lazima Baba Steve angepita akitoka. Nilikuwa nimeshaona yote kichwani: baba ataufungua mlango mkubwa, mimi nitamwaga maji, Dennis atapiga makofi, taa zitainuka. Niliziba mdomo kwa mkono ili nisicheke.

Nilisikia baba akimsindikiza. "Na hapa bado hakujapoa sana vile unaona," alikuwa anamwambia kwa upole. "Watu wakiona sura wanaanza maneno. Ningekuwa wewe ningeshika gari ya mapema." Nikiwa mtoto nilisikia mtu anayemjali mwenzake. Nilikuwa nimeshamaliza shule ya upili siku nilipoyasikia upya maneno hayo kichwani mwangu, nikatambua alikuwa anamtishia aondoke.

Baba Steve akazunguka kona akanikuta na ndoo.

"Carol. Umekuwa mkubwa hivi! Hiyo maji ni ya nini?"

"Siwezi kukwambia," nikasema. "Ni surprise."

Aliangalia ndoo. Kisha macho yake yakashuka chini. Povu la sabuni lilikuwa bado linatoka chini ya mlango wa gereji, linafuata ule mfereji mdogo wa saruji kuelekea barabarani. Alichuchumaa, akalichota kwa kidole, akalisugua kati ya vidole viwili, na nadhani alilinusa. Baba alikuwa amesimama nyuma yake.

"Alikuwa anamwagilia maua," baba alisema.

Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Baba Steve alikaa pale amechuchumaa, kichwa kikielekea ule mlango, kama mtu anayesikiliza. Nilisubiri. Aliponyanyuka aliniwekea mkono kichwani, mkono wenye povu, akasema, "Ni sawa. Msalimie Dennis. Mwambie Steve anamsalimia." Akapita kando yangu akaenda. Hakutazama nyuma hata alipopita nyumba yake ya zamani, ambayo sasa ilikuwa na watu wengine na mapazia mengine.

"Dad, anaenda," nikasema. "Dad! Si ufungue?"

"Ingia ndani."

"Lakini surprise…"

Baba aliingia ndani yeye mwenyewe na kuniacha hapo. Nilibaki nimeshika ndoo hadi mikono ikafa ganzi, kwa sababu nilidhani atarudi, nilidhani labda hii ni surprise ndefu kuliko ya keki. Mama ndiye aliyekuja. Alinitoa vidole kwenye mkono wa ndoo kimoja kimoja, akamwaga yale maji kwenye sukumawiki. Nilimwuliza Baba Steve ataonyeshwa gari lini. Akasema nikaoge miguu.

Baada ya hapo baba hakuuinua tena ule mlango. Injini haikuwashwa, maana ingesikika, na majirani wote waliijua sauti ile. Kufuli kubwa likawekwa. Pikapu ikazoea kunyeshewa. Unaona ujinga wake? Alimnyang'anya mtu gari ambalo asingeweza kulitoa hata hadi kwenye geti. Betri ikafa, tairi zikakaa chini, na lilikufa vilevile mwenyewe alivyosema lingekufa. Na yule baba wa Jumamosi, mwenye shati safi na meno nje, hatukumwona tena. Hata yeye alikuwa wa kuazima. Nikiwa kidato cha pili nilimwuliza waziwazi. Aliendelea kukata ugali. "Wewe ulikuwa mtoto," alisema. "Hukuelewa." Mama akaniambia niongeze mboga.

Kwa hivyo siku ile, nilipomaliza kulia na kopo la polishi mkononi, nilivuta turubai. Wekundu ulikuwa umepauka, lakini ulikuwa wekundu. Dennis aliingia akasimama kando yangu akipiga mluzi.

"Hii ni classic," alisema. "Kuna boys wa Nairobi wanaweza kuichukua hivi ilivyo. Mmoja atakuja kesho kuiangalia."

"Si yetu."

"Caro, mwenyewe alisahau kitambo."

Nilienda jikoni. Mama alikuwa anachambua mchele. Nilimwambia nataka kumtafuta Steve. Hakuniuliza Steve yupi. Alipangusa mikono, akachukua simu yake, akashuka kwenye majina, akanipa. Namba ya Mama Steve. Alikuwa nayo miaka yote hiyo, akiihamisha kutoka simu hadi simu, na hakuwahi kuipiga. Nilimwangalia, naye akaangalia mchele.

Simu ilishikwa na mwanamume, Steve mwenyewe. Mama Steve alikuwa ameenda kanisani na kuiacha. Nikajitambulisha.

"Carol! Carol wa Section 58? Aki wewe! Mmepotea wapi?"

Nilimwambia baba amefariki. Nilisikia kwamba ameguswa kweli.

"Pole sana. Aki poleni. Mzee wetu angekuwa hai angekuja kuzika, hata kwa miguu. Alitutangulia, lakini alikuwa anaheshimu mzee wenu sana."

"Aliwahi kuwaambia kuhusu gari?" nikauliza.

"Ile gari? Si ilichomwa. Alienda huko mwenyewe akarudi, akatuambia ameona hapo mahali, nyasi ilikuwa bado haijamea. Alisema baba yako alipigwa na hao vijana akijaribu kuzuia, karibu wamuue. Alikuwa anatuambia, mtu asiwahi kuwadanganya ati watu wote wa huko ni wabaya. Kila Krismasi lazima mathe amtaje mzee wenu kwa maombi, mpaka wa leo."

Nilikuwa nimerudi gereji, mkono juu ya boneti. Mtu yule alikuwa amenusa sabuni yetu kwenye vidole vyake, akapanda gari la mapema kama alivyoagizwa, na huko njiani akamtungia baba yangu ushujaa ili watoto wake wasikue na chuki. Alimpa na huo pia.

"Carol? Uko? Kwani kuna nini?"

Kwa ufunguo wa baba kufuli lilifunguka, lakini mlango mkubwa ulikuwa umeshikamana na sakafu. Nilivuta kwa mkono mmoja, ukakataa. Mama alikuja kutoka jikoni, akashika upande wa pili, na tukauinua pamoja, si hadi kiunoni, hadi juu kabisa. Jua likaingia lote. Mama alisimama akiliangalia, vumbi la mchele mikononi. Kisha akanyoosha mkono, akanipokonya simu.

"Steve," alisema, "ni mimi Mama Carol. Gari yenu haikuchomwa."